Kimya cha Sekunde Kumi

Mthonjeni,
4 Februari 2022

Kwa Bwana Lungisa Jikwana, Cape Town.

Taarifa yako ya kurasa kumi na tisa imefika. Mwalimu mkuu ameichapa shuleni mpaka wino ukaisha, na sasa watoto wataandikiwa mtihani ubaoni. Ungeweza kuniandikia mstari mmoja tu: "Mama, nimemaliza." Barua pepe mimi sisomi, nilishakwambia, na wala si kwa kutojua. Nilikuwa muuguzi Johannesburg miaka thelathini na moja, mashine nimeziona mpaka nikazichoka. Ukitaka kunijibu, shika kalamu, halafu mpe dereva wa basi linalopita kwetu, kama ninavyofanya mimi.

Sasa tuambiane ukweli. Ulikuja hapa siku sita na viatu vyako vyeupe, ukatuambia kampuni yenu inawapa siku za kujitolea kila mwaka kwa vyama vidogo kama chetu. Ukala pure ya mahindi na maharage ya dada yangu sahani tatu. Ukapiga picha na ng'ombe wa jirani. Mpwa wangu kanionyesha hiyo picha kwenye simu, na maneno yako chini yake: "Narudisha fadhila kwa jamii." Fadhila gani? Sisi tulikupa nini lini? Kwenu ni mjini, na babu yako hajawahi kukanyaga huku.

Nisikilize vizuri. Mimi nina gari moja, dereva mmoja, mzee Fikile, na wajawazito ishirini na watatu waliotapakaa kwenye vilima visivyo na barabara wala namba za nyumba. Miaka minne wamekuwa wakipigia simu yangu uchungu ukianza, nami namwambia Fikile aende boma lipi. Nimechoka. Magoti yamekwisha, masikio yanafuata. Ndiyo maana nilikubali huo mtambo wako wa kupokea simu, usidhani ni kwa sababu ulinivutia.

Kuna mmoja anaitwa Nosakhele, kaolewa na kijana wa mzee Ndabambi. Mimba yake ya kwanza ilipotea kwa sababu alinipigia na betri ya simu yangu ilikuwa imekufa. Hilo ni langu, nalala nalo naamka nalo. Sasa ana mimba nyingine, anatarajia Juni. Mtoto huyu asipofika hospitali akiwa hai, wewe na mimi hatutaelewana.

Thobeka Gcilitshana (MaGaba),
Mwenyekiti, Chama cha Gari la Wazazi

*

Cape Town,
15 Februari 2022

Mpendwa MaGaba,

Nimenunua bahasha kwa ajili yako. Muuza duka alinikodolea macho kana kwamba nimemwomba mafuta ya taa. Wenzangu kazini wamekuja mmoja mmoja kuniangalia nikiandika kwa mkono, na nadhani ni burudani yao kubwa mwezi huu.

Nashukuru kwa maneno yako matamu. Naona nirudie maelezo, maana zile kurasa kumi na tisa hukuzisoma. Mama akipiga namba ya chama, mtambo unaitika wenyewe. Unamwambia abonyeze moja kama ni uchungu. Halafu unamwomba ataje jina la mwenye boma. Basi! Mtambo unalitambua jina, unatafuta boma hilo kwenye ramani niliyoichora, na simu ya mzee Fikile inapata njia papo hapo. Hakuna betri yako, hakuna usingizi wako, hakuna masikio yako.

Tuliujaribu pamoja, unakumbuka. Wewe ulitaja majina ya wazee wa maboma mia mbili na kumi na mawili, mmoja baada ya mwingine, nami nikayarudia. Haukukosea hata moja. Huo ndio uzuri wa mashine, mama, haina hasira na wala haiwakaripii wagonjwa.

Ninalo ombi moja. Waambie wasipige tena simu yako. Wakiwa na njia mbili watashika ile waliyoizoea, na kazi yangu itakuwa bure.

Na huyo Nosakhele, ondoa wasiwasi. Juni atafika hospitali kabla hata chai yako haijachemka.

Lungisa Jikwana

*

Mthonjeni,
18 Machi 2022

Bwana Jikwana,

Nimetangaza. Kanisani nimesimama, kwa chifu nimesimama, kwenye foleni ya pensheni nimesimama. Nimesema atakayenipigia mimi nitamkatia. Wengine walicheka, wengine walitazama chini. Wake za watu wa huku wana tabia ya kutazama chini hata ukiwauliza kama kuna mvua.

Nakiri kwa shingo upande kwamba mtambo umefanya kazi mara tatu. Mzee Lumkile alipiga kwa ajili ya bintiye, gari likafika. Mlevi mmoja pale chini alipiga kwa ajili ya mkewe, na ajabu ni kwamba aliweza kulitamka jina la baba yake. Nimelala wiki mbili bila kuamshwa. Usivimbe kichwa.

MaGaba

*

Cape Town,
12 Aprili 2022

Mpendwa MaGaba,

"Kwa shingo upande" nimeipokea kama nishani. Nimemsomea bosi wangu, naye anataka niieleze kazi hii mbele ya kampuni nzima.

Ila watu wako wanacheza. Tangu mtambo uanze, simu thelathini na nane zimepigwa na watu wasiosema kitu. Wanabonyeza moja, wanaombwa jina, halafu kimya. Nimesikiliza kama kumi hivi. Unasikia mtu anahema. Moja ina mlango unaofungwa, moja ina kuku. Kuna mmoja aliyekuwa kama anataka kusema, akaguna, akakata. Hivi huko hamna kazi za kufanya? Gari la wagonjwa si kitu cha kuchezea watoto wakiwa wamechoka kuruka kamba.

Nimetengeneza dawa yao. Mtu akinyamaza sekunde kumi, mtambo unamuaga na kukata. Akirudia mara tatu, namba yake inafungiwa siku nzima. Watanyooka.

Lungisa

*

Mthonjeni,
22 Aprili 2022

Bwana Jikwana,

Kwa mara ya kwanza umefanya jambo la maana. Wafungie. Ni hawa wasichana walioolewa juzi, nawajua, simu wamenunuliwa na waume zao walioko migodini na hawajui wazifanyie nini. Nilipokuwa wodini tulikuwa na kengele, na wapo waliokuwa wakiibonyeza ili tu waone kama nitakuja. Mimi sikuwa naenda mara ya tatu.

Nosakhele nimempima jana, mtoto amekaa vizuri. Nikamuuliza, namba ya chama unaijua? Akasema anaijua. Nikamuuliza, utapiga? Akatazama chini. Nikamwambia mimi si mama mkwe wako, nijibu ukinitazama usoni. Akasema atapiga.

MaGaba

*

Mthonjeni,
17 Juni 2022

Lungisa,

Mtoto wa Nosakhele amekufa. Wa kiume.

Ilikuwa Jumamosi ya tarehe kumi na moja, mchana kweupe. Kijiji kizima kilikuwa ng'ambo ya mto kusimika jiwe la kaburi la marehemu mzee wa kina Tyhali. Nosakhele aliachwa nyumbani peke yake kwa sababu tumbo lilikuwa kubwa, na kila mtu alijua kuna gari. Mume wake yuko mgodini, chini ya ardhi simu haishiki. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye hema, simu yangu imezimwa, imo mkobani, kwa sababu yako na mtambo wako nilidhani nina haki ya kula nyama kama watu wengine. Fikile alikuwa amekaa garini, simu mkononi, anasubiri. Haikulia.

Mama mkwe wake alirudi saa kumi akamkuta sakafuni. Akakimbia barabarani akipiga mayowe. Fikile akamfuata. Walifika hospitali, mama akaokolewa, mtoto hakuokolewa.

Na simu ilikuwa hapo hapo kando yake! Ina chaji, ina salio. Mimi nimemkaripia, siwezi kukuficha, nimemkaripia akiwa kitandani na dripu mkononi. Nilimuuliza, umekaa na simu kwa muda wa saa sita, ulikuwa unangoja nini, malaika? Akageukia ukutani. Nimewauguza wanawake maelfu na sijawahi kumdharau mmoja kama nilivyomdharau huyu siku hiyo.

Mzee Ndabambi anataka kujua. Anasema mke wa mwanawe amewaulia watoto wawili kwa uzembe. Anataka karatasi kutoka kwa wenye mtambo, iseme kama binti alipiga au hakupiga. Itasomwa mbele ya ukoo. Nitumie upesi.

MaGaba

*

Cape Town,
21 Juni 2022

Mpendwa MaGaba,

Pole sana. Nimesikitika kwa dhati, na mkurugenzi wetu naye anatuma pole.

Karatasi nimeiambatanisha, ina muhuri wa kampuni. Nimeangalia kumbukumbu za mtambo. Tarehe 11 Juni hakuna simu iliyosajiliwa kutoka boma la mzee Ndabambi. Mtambo ulikuwa mzima siku nzima, bila hitilafu ya dakika hata moja.

Sipendi kusema hili wakati wa msiba, ila lazima liandikwe ili chama kisije kikalaumiwa. Sisi tulimpa njia. Tulichobakiza ni yeye kufungua mdomo. Mtu akiamua kutopiga, hakuna fundi duniani atakayemsaidia. Nadhani mngeandaa semina ya kuwaelimisha hawa akina mama.

Lungisa Jikwana

*

Mthonjeni,
8 Julai 2022

Lungisa Jikwana,

Karatasi yako ilisomwa. Aliisoma mjomba wao kwa sauti, na muhuri akauonyesha huku na huku kama anauza shuka. Watu wakatikisa vichwa. Nami nilikuwepo, nikatikisa changu. Ukoo umeamua Nosakhele arudishwe kwao. Kaka zake wameitwa waje kumchukua Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Agosti.

Jana nilienda kumsafisha kidonda cha upasuaji. Nilienda kwa wajibu, sikwenda kwa huruma. Yupo kibanda cha nyuma, hapikiwi, hasemeshwi. Nikafanya kazi yangu nikimnunia. Alipokuwa anavaa akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Nilipiga, mama. Nilipiga mara nne."

Nikamwambia usinidanganye, karatasi ina muhuri.

Akasema, "Nilibonyeza moja. Kikaniuliza jina."

"Sasa si ungelitaja?"

Akanitazama. Hakutazama chini, alinitazama mimi. Akasema, "La baba mkwe?"

Nilikaa juu ya ndoo, Lungisa. Kiti hakikuwepo nikakaa juu ya ndoo.

Wewe ni Mxhosa au ni nini? Mke wa mtu hatamki jina la baba mkwe wake! Halitamki mpaka anaingia kaburini. Hatamki hata neno linalofanana nalo, atazunguka apate neno jingine. Wewe mama yako kakulelea wapi? Hujawahi kumsikia akimtaja babu yako? Unajua kuchora ramani ya vilima vyangu vyote kwa picha za kutoka angani, ila hujui kitu ambacho kila mwanamke aliyekupakulia chakula maishani mwako alikuwa anakijua. Mjinga mkubwa wewe. Na viatu vyako.

Zile simu thelathini na nane za watu "wanaocheza"! Nimeanza kuwapitia waliopiga nyumba kwa nyumba. Wote wake za watu. Wote wameniambia hivyo hivyo, waliombwa jina wakashindwa, wakaenda kujifungulia kwa bibi, au wakatembea kwa miguu, na wakaona aibu kuja kuniambia kwa sababu nilishasema atakayenipigia nitamkatia. Na mimi ndiye niliyekuandikia uwafungie.

Ngoja nikwambie kilichonichoma zaidi, halafu nikutukane tena. Siku ile ya majaribio tulikaa wewe na mimi tukiyarusha majina ya wazee kama mpira. Wewe mwanamume. Mimi binti wa hapa hapa, sijaolewa na mtu, mwenye haki ya kumtaja yeyote ninayemtaka. Dada yangu, aliyeolewa miaka arobaini, alikuwa jikoni anakukorogea pure. Hatua nane tu kutoka tulipokaa. Hatukumwita hata aje asikilize.

Sasa tafuta. Usinitafutie boma, nitafutie namba yake ya simu, hii hapa nyuma ya karatasi. Niambie nani alipiga siku hiyo. Na mtambo wako nimeuzima. Simu yangu imewashwa.

MaGaba

*

Cape Town,
12 Julai 2022

MaGaba,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nitaandika nilichokikuta.

Mtambo unasajili simu kwa jina la boma. Bila jina, simu inatupwa kwenye faili la takataka. Nilipokuandikia kwamba hakuna simu, faili hilo sikulifungua. Ndivyo nilivyoangalia. Dakika mbili, kisha muhuri.

Nosakhele alipiga saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Kimya, sekunde kumi, ikakata. Alipiga saa nne na ishirini. Kimya. Alipiga saa tano kasoro dakika nne. Kimya, ila siyo kimya, ni mtu anayeuma kitu ili asilie. Ikakata, na namba yake ikafungiwa, kama nilivyopanga.

Saa tano na dakika tisa alipiga tena. Namba iliyofungiwa haipelekwi kwa dereva hata mpigaji akisema nini, lakini sauti inarekodiwa. Hiyo ina sekunde kumi na moja. Amelitaja jina, MaGaba. Amelitaja mara mbili, wazi kabisa. Kama namba isingekuwa imefungiwa, mzee Fikile angepata njia saa tano na dakika tisa.

Umeniuliza kuhusu mama yangu. Mama yangu alikuwa akimwita babu "Baba wa Nyumba Kubwa." Nilidhani hilo ndilo jina lake mpaka nilipoanza shule. Nilijua. Nilikuwa nalijua jambo hili maisha yangu yote, na halikunijia kichwani hata mara moja, kwa sababu halijawahi kunigharimu kitu.

Naweza kutoa karatasi mpya yenye muhuri. Iseme alipiga mara nne, mtambo ukashindwa, kosa ni langu. Sitaandika alichokisema. Sauti naweza kuifuta kabisa, asije mtu wa ukoo akasikia alivyolitaja jina la mzee na kumwongezea kosa juu ya msiba. Muulize mwenyewe. Nitafanya atakavyo.

Lungisa

*

Mthonjeni,
29 Julai 2022

Kwa Bwana Jikwana,

Mimi ni Nosakhele. Shule niliishia kidato cha tatu, utanisamehe mwandiko. MaGaba amenisomea barua yako yote. Alilia, mimi sikulia, machozi nilishayamaliza.

MaGaba anataka nikubali hiyo karatasi mpya. Anasema itanisafisha na nitabaki hapa na heshima yangu. Sitaki. Karatasi yako ya kwanza nimeona inavyofanya kazi. Watu walioniona nikiwa na tumbo miezi tisa waliiamini karatasi, wakaacha kuniamini mimi. Hata MaGaba.

Nataka nikuambie ilivyokuwa, kwa sababu unasema ni kimya. Mara ya kwanza nilifungua mdomo na jina halikutoka. Siyo kwamba nilikataa. Miaka mitano nimelipita jina lile kama mtu anavyopita shimo, miguu ilishazoea. Mara ya pili nilijaribu kusema "boma lililo juu ya kisima, lenye mlango wa bluu." Nilisema moyoni, maana uchungu ulikuwa umekuja. Mara ya tatu niliuma blanketi. Halafu nikamsikia mtoto anapiga teke, bado alikuwa na nguvu, nikasema basi, wacha wanifukuze. Nikalitaja. Nikalitaja tena kwa nguvu zaidi ili isije ikawa hamjasikia.

Sauti iliyonijibu ni ya mwanamume. MaGaba ananiambia ni yako. Ulisema, "Namba hii imefungiwa. Asante kwa kupiga, uwe na siku njema." Nilikushukuru. Niliishika simu nikasema asante, kwa sababu nilidhani sijaelewa na gari linakuja. Nikakaa kulisubiri.

Kwa hiyo usiifute. Na usiitume kwa mtu. Uje nayo mwenyewe tarehe kumi na tatu, kaka zangu watakuwepo na ukoo wote utakuwa umekaa. Usimwachie MaGaba abonyeze, amekwisha kusema sana. Utasimama katikati ya uwanja, uvue kofia, ubonyeze wewe. Watanisikia nikilitaja jina la baba mkwe mbele ya watoto na wajukuu zake, mara mbili. Wakitaka kuziba masikio wazibe. Halafu usizime, iache iendelee mpaka wewe unaponitakia siku njema.

Nitakuwa nimeshafunga mizigo yangu. Ikimalizika nitaondoka na kaka zangu kabla mzee hajasimama kunifukuza.

Nosakhele